Landrover 109 Series III ya petroli imesimama miaka mingi na injini imekwama: nianzie wapi?

Mdau wa Moshi

Habari za kazi wakuu. Kuna Landrover 109 Series III, pikapu, injini ya petroli ya lita 2.25, iko bandani huku Moshi na haijawashwa kwa zaidi ya miaka 10. Ilipoegeshwa ilikuwa inatembea vizuri. Hali yake leo ni hii: nikipitisha hendeli kwenye tundu la bampa, injini haisogei hata kidogo. Pedali ya klachi inazama mpaka chini na hairudi. Pedali ya breki ni ngumu, haishuki. Tenki lina petroli ya zamani kama robo, inanuka kama vanishi. Stiki ya oili inaonyesha oili imepita alama ya juu, na ndani ya kifuniko cha kujazia kuna utando mweupe kama maziwa. Maji ya rejeta yana rangi ya kutu.

Fundi wa jirani anashauri gari lifungwe kamba, liwekwe gia, livutwe mpaka injini ijinasue. Nataka kujua kama hilo ni sawa. Kama si sawa, nianze na nini, ninunue nini kwanza na nini kisubiri? Bodi haina shida, ila uvunguni sijachokonoa.

Spana Kumi na Tatu

Mkuu, usilivute. Injini iliyokwama kwa kusimama, mara nyingi kilichoishika ni kutu kati ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda. Aghalabu ni silinda moja au mbili, zile ambazo valvu zake zilibaki wazi siku gari lilipozimwa, unyevu ukawa unaingia. Ukivuta gari, uzito wake wote unapita kwenye magurudumu na kuishia kwenye pistoni hizo. Ringi zinakatika, na kama kuna valvu iliyoganda, pushirodi yake inapinda. Kazi ambayo ingemalizwa na kulowesha inakuwa kazi ya kufungua injini nzima.

Anza na oili. Weka beseni chini, legeza bolti ya sampu taratibu mpaka ianze kudondosha, kisha ishikilie hapo hapo. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo yamelala chini na yatatangulia kutoka. Yakinge kwenye chupa nyeupe uyaone vizuri. Yakiwa nusu kikombe hivi, huo ni unyevu uliojikusanya kwa miaka, usihangaike nao. Yakikaribia lita, au yakiwa na rangi ile ile ya maji ya rejeta, basi gasketi ya silinda hedi imeachia au bloku lina ufa, na hedi litoke kabla hujafanya jambo lingine. Halafu nusa oili yenyewe. Ikinuka petroli, daiframu ya pampu ya petroli ilishatoboka tangu gari likiwa linatembea, na petroli ilikuwa inaingia kwenye oili na kuifanya nyepesi kidogo kidogo.

Kisha toa plagi zote 4. Kila tundu limiminie vijiko vinne vya chakula vya mchanganyiko wa ATF (oili ya giaboksi otomatiki) na asitoni, nusu kwa nusu. Asitoni inapenya kwenye kutu na kuondoka hewani, ATF inabaki kulainisha. Fanya kazi hiyo mlango wa banda ukiwa wazi, na asiwepo anayevuta sigara karibu. Jioni inayofuata chungulia kwa tochi: silinda ambayo mchanganyiko umeshuka chini haijakwama, iliyobaki imejaa ndiyo yenye tatizo. Ongezea hiyo.

Hendeli inasukuma upande mmoja tu, ukiigeuza upande wa pili inachomoka kwenye meno yake. Kwa hiyo kila baada ya siku moja weka gia ya 4, sukuma gari mbele na nyuma kwa mikono, watu wawili wanatosha. Unatafuta msogeo wa milimita chache, mbele kisha nyuma, kutu ijisage. Usisimame juu ya hendeli na usiiongezee bomba. Ikigoma wiki nzima, endelea kuloweka wiki ya pili. Mchanganyiko unaopenya utateremka kwenye sampu, kwa hiyo usijaze oili mpya mpaka injini izunguke.

Ikishazunguka: oili ya 20W/50 ya kawaida, si ya bei ghali, lita 6.25 za sampu na karibu lita 0.85 za chujio. Oili hiyo utaimwaga baada ya kilomita 200 hivi kwa sababu itabeba uchafu wote. Chujio la injini hii ni la karatasi ndani ya kopo, linafungwa na bolti ndefu kutokea chini. Kuna mpira wa duara kwenye mfereji ambamo mdomo wa kopo unakaa. Mpira wa zamani huwa umekuwa mgumu na kushika rangi ya chuma, fundi anadhani ni sehemu ya mfereji, anaweka mpya juu yake. Injini ikiwaka, oili inamwagika yote kwa dakika chache. Chokonoa ule wa zamani kwa sindano nene mpaka uone chuma kitupu kuzunguka mfereji wote, ndipo uweke mpya.

Binti Gereji

Kaka, kuloweka hakuhitaji fedha, kwa hiyo loweka. Ila shilingi ya kwanza usiipeleke kwenye injini. Injini ya 2.25 ni chuma cha subira na spea zake zinapatikana. Kinachoamua kama gari hili lina maisha ni chasisi, na baada ya chasisi ni breki.

Bodi ya Landrover ni ya aluminiamu, haiozi kama bati la chuma. Ndiyo maana unakuta gari linapendeza juu wakati chasisi imebaki ganda. Chasisi ni boksi la bati la milimita 2, matope na maji yanaingia ndani, kwa hiyo kutu inakula kutoka ndani kuja nje. Rangi haikuambii kitu. Chukua nyundo ndogo upite nayo kote: chuma kizima kinalia na nyundo inadunda, kilichooza kinatoa sauti butu na nyundo inaacha bonde. Gonga boriti ya nyuma, mikono ya pembeni inayobeba bodi, juu ya ekseli ya nyuma ambako matope hukaa, na mahali springi zinaposhikwa, mbele na nyuma. Halafu nyanyua mazulia, angalia sakafu ya miguu na nguzo za milango kwenye ukuta unaotenga injini na abiria. Ukuta huo ni chuma, nao unaoza. Kama gari liliwahi kukaa Tanga, Dar au Mombasa, gonga mara mbili.

Mikono ya pembeni na boriti ya nyuma vinakatwa na kuchomelewa vipya, ni kazi ya kawaida. Mahali springi inaposhikwa pakiwa pameoza, hapo chasisi inahitaji kunyooshwa kwa vipimo, isichomelewe kwa macho, la sivyo gari litatembea upande. Kabla ya kuchomelea toa tenki, chomoa betri na waya za oltaneta. Na angalizo moja muhimu: namba ya chasisi imegongwa mbele kulia, karibu na mshikio wa springi. Isafishe kwa brashi, ilinganishe na kadi ya gari, na mwambie fundi asipitishe grainda hapo. Namba ikifutika, usumbufu wa makaratasi utakusumbua kuliko kutu.

Breki sasa. Pedali isiyoshuka maana yake pistoni za masta silinda au za kwenye magurudumu zimeganda. Usijaribu kuokoa vipande. Nunua masta silinda mpya, silinda zote za magurudumu na mipira yote ya breki. 109 ina ngoma za inchi 11, na kila gurudumu la mbele lina silinda 2, kwa hiyo jumla ni silinda 4 mbele na 2 nyuma. Kagua na mabomba ya chuma: palipovimba au palipo na magamba, badilisha bomba zima.

Mafuta ni DOT 4. Usiweke oili ya injini wala ya haidroliki hata ikiwa ni kwa kusogeza gari uani. Oili ya madini inavimbisha raba za silinda, na ukishaiweka itabidi ununue raba zote upya.

Watu wengi hulalamika kwamba breki za 109 haziishi upepo. Tatizo mara nyingi si upepo, ni viatu vilivyo mbali na ngoma, pedali inatumia safari yake yote kuvisogeza. Kaza ajasta mpaka gurudumu lifunge, zote, ndipo utoe hewa ukianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta. Ukimaliza rudisha kila ajasta kidogo mpaka gurudumu lizunguke huru.

Halafu brekimkono. Kwenye Landrover hizi haishiki magurudumu, inashika shafti ya nyuma, ngoma yake iko nyuma ya giaboksi. Ukipiga jeki gurudumu moja la nyuma, difu inaliachia lizunguke na gari linateremka na brekimkono ikiwa imevutwa. Weka kabari za mbao kwenye magurudumu yaliyobaki chini, na ukiingia uvunguni gari liwe juu ya stendi za chuma.

Mdau wa Moshi

Nashukuru sana wote. Majibu: maji yaliyotoka kwenye sampu hayakujaa nusu kikombe, masafi, oili haina harufu ya petroli. Silinda namba 3 ndiyo ilibaki imejaa, na injini sasa inazunguka kwa hendeli ila kuna mahali inakaza kidogo. Chasisi: mikono miwili ya kulia imeoza na boriti ya nyuma ina matundu, kwingine kunalia vizuri. Namba inasomeka. Fundi wa kuchomelea nimempata. Silinda za breki ziko njiani.

Naomba mwongozo wa kabureta, valvu na moto. Kabureta imeandikwa Zenith. Na klachi je?

Spana Kumi na Tatu

Vizuri. Usiwashe bado. Fungua kifuniko cha valvu, zungusha kwa hendeli huku ukitazama roka moja moja. Kila valvu ikishuka lazima irudi juu na springi yake. Ikibaki chini, imeganda kwenye gaidi (bomba dogo linaloongoza shina la valvu): mimina mchanganyiko ule ule kwenye shina lake, igongegonge kwa kipande cha mbao mpaka ipande yenyewe. Huko kukaza unakosikia kunaweza kuwa valvu ya silinda namba 3.

Nafasi ya tapeti ni milimita 0.25, valvu zote 8, ya kuingiza na ya kutoa sawasawa. Kanuni rahisi ni ya 9: hesabu valvu 1 hadi 8 kutoka mbele. Valvu 8 ikishuka mpaka mwisho, pima 1. Ikishuka 6, pima 3. Ikishuka 7, pima 2. Jumla daima 9. Fila (bamba jembamba la kupimia nafasi) iteleze kwa mkwaruzo mdogo, na ukikaza nati pima tena kwa sababu skurubu huwa inafuata nati.

Moto: mpangilio wa silinda kuwaka ni 1-3-4-2 na rota ya distribyuta inazunguka kinyume cha saa. Wengine hupanga waya kufuata saa, gari linapiga makombora kwenye kabureta, kisha wanafungua kabureta bure. Nafasi ya pointi (swichi ndogo ndani ya distribyuta inayokata umeme ili plagi itoe cheche) milimita 0.35 hadi 0.40, plagi milimita 0.75 hadi 0.80. Taimingi anzia nyuzi 6 kabla ya pistoni kufika juu, zimechorwa mbele ya injini karibu na puli. Ikigonga ikipanda mlima na mzigo, rudisha kuelekea 3.

Mara ya kwanza acha plagi nje, piga stata kwa sekunde 10, pumzisha, rudia mpaka taa ya oili izime. Hapo pampu imeshapeleka oili kwenye beringi. Ndipo ufunge plagi.

Nyumba ya Zenith

Niongezee upande wa kabureta, maana hapa ndipo Landrover nyingi zinapotukanwa bila kosa. Kwanza petroli. Mwaga yote, tenki lina bolti ya kumwagia chini. Ikitoka na magamba ya kutu, tenki litoke lioshwe. Mipira yote ya petroli badilisha, ile ya zamani inameguka ndani na vipande vinaziba jeti. Pampu ina kikombe cha kioo chenye chujio la wavu: safisha, weka gasketi mpya ya koki (ile ya kizibo cha chupa), na badilisha daiframu hata kama bado inavuta. Pampu ina mkono mdogo wa kuvutia petroli kwa kidole, utumie kujaza kabureta kabla ya kupiga stata ili usimalize betri.

Zenith 36 IV ina ugonjwa wake unaojulikana: uso wa bamba la juu unapinda kwa joto na kwa kukazwa kupita kiasi, na kuna oringi ndogo ndani, baina ya sehemu hizo mbili, inayokauka. Petroli inapita pasipotakiwa. Dalili zake: sailensa (mwendo wa injini usipokanyaga mafuta) inatetereka hata ukigeuza skurubu vipi, moshi mweusi, plagi zinapaka masizi, injini inazima ukipunguza mwendo. Fundi akiona hivyo anabadilisha jeti, na hali haibadiliki.

Tiba: fungua skurubu za juu, toa bamba na gasketi. Chukua kioo kinene cha dirisha, lalisha msasa wa maji namba 400 juu yake, weka matone ya mafuta ya taa. Sugua uso wa bamba kwa mwendo wa nane, bila kukandamiza upande mmoja. Ukisugua mara chache utaona pembeni panang'aa na katikati pamebaki peusi. Hapo peusi ndipo palipozama. Endelea mpaka rangi iwe moja uso mzima. Geukia blo­ku la chini ufanye vile vile. Osha, pulizia matundu yote kwa hewa, usitumbukize waya kwenye jeti. Oringi mpya, gasketi mpya, na kaza skurubu kwa kupishana, mkono mwepesi. Kukaza kwa nguvu ndiko kulikoipinda mwanzo.

Binti Gereji

Klachi: pedali inayozama maana yake mafuta yamekwisha na raba zimekufa. Badilisha masta ya klachi na silinda yake ya chini kwa pamoja, ukibadilisha moja nyingine inaachia baada ya muda mfupi. Ukishatoa hewa, washa injini ikiwa nyutro na ujaribu gia. Ikikwaruza na kugoma, sahani ya klachi imegandana na flaiwili kwa kutu. Usifungue giaboksi kwa hilo. Pasha injini joto, izime, weka gia ya 2 mahali pa wazi pasipo na watu, washa kwa stata likiwa kwenye gia hiyo lianze kutembea, kanyaga klachi mpaka chini uishikilie, kisha kandamiza na kuachia mafuta kwa vipindi. Kwa kawaida inaachia kwa kishindo. Breki ziwe zimekamilika kabla ya zoezi hili.

Mpenda Pointi

Kuna atakayekushauri uondoe pointi uweke moduli ya elektroniki. Kwa gari linalokaa mjini sina ubishi. Kwa gari la shamba, mimi nasimama na pointi. Moduli ikifa imekufa, barabarani huna la kufanya. Pointi zikichoka unazipiga msasa mwembamba, unapima kwa fila, unaendelea. Tatizo la siku hizi ni kondensa (kikopo kinachopunguza cheche kwenye pointi): nyingi za dukani hazidumu. Kama ya zamani bado inafanya kazi, yaani pointi hazitoi cheche kubwa za buluu zinapofunguka, iache mahali pake na mpya uihifadhi kwenye gari.

Spana Kumi na Tatu

Hapo tunapishana kidogo. Moduli inaweza kufungwa na sahani ya pointi iliyokwisha kupangwa ikawekwa kwenye sanduku la spana. Ikifa, unabadilisha pembeni mwa barabara. Faida yake ni kwamba taimingi haihami kadiri kisigino cha pointi kinavyolika. Ila awashe kwanza na pointi, asibadilishe vitu viwili kwa wakati mmoja. Ikigoma kuwaka hatajua kosa liko wapi.

Mdau wa Moshi

Nimeelewa, pointi kwanza. Maswali mawili ya mwisho: petroli ya sasa haina risasi, je, italiharibu hedi? Na hizo boksi nyingine, giaboksi na difu, zinakula oili kiasi gani?

Binti Gereji

Petroli yenye risasi ilikuwa imeshaondolewa kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa 2006, kwa hiyo gari hili likitembea baada ya hapo lilishaionja isiyo na risasi. Risasi ilikuwa inakinga viti vya valvu za kutolea moshi. Bila risasi, kiti laini kinalika, valvu inazama ndani ya hedi, na nafasi ya tapeti inapungua. Kwa hiyo una kipimo mkononi: weka 0.25 leo, andika, pima tena baada ya kilomita 2,000. Zikiwa palepale, tembea. Za kutolea moshi zikiwa zinabana kila ukipima, panga kupeleka hedi kwa fundi wa mashine afunge viti vigumu. Usifungue hedi zima kwa hofu tu.

Oili: giaboksi lita 1.5, boksi la pili (la kugawa nguvu mbele na nyuma) lita 2.5, difu ya mbele lita 1.75, zote EP90, yaani oili nzito ya gia. Difu ya nyuma ya 109 kama ni Salisbury, utaitambua kwa tumbo kubwa lenye kifuniko cha bati nyuma, inakula lita 2.5. Duara za usukani (maboksi ya mviringo ambamo magurudumu ya mbele hugeukia) nusu lita kila moja, na hizi ndizo husahauliwa. Zikiwa kavu, beringi ya juu inakufa na usukani unaanza kutetema ukipita 60. Kama gari lina habu za kufungua mbele (zinazotenga magurudumu ya mbele na ekseli), zifunge ili zishike ekseli mara moja kwa mwezi utembee kilomita chache, oili ipande mpaka huko juu.

Rejeta usiisahau. Fungua koki ya ubavuni mwa bloku. Isipotoa maji, tope limejaa nyuma yake: ing'oe, chokonoa kwa waya mpaka maji yatoke kwa nguvu, ndipo usukume maji ya bomba kinyume, kutoka chini kwenda juu. Mfumo mzima unachukua lita 10 na kidogo. Silinda namba 4 iko nyuma kabisa na tope linakaa hapo, kwa hiyo geji inaweza kuonyesha sawa wakati silinda hiyo inaungua.